Mke wa Mfungwa na Visanduku Vitano

Juma lililopita niliahidi kuzungumza habari za kodi, na najua wapo waliosema moyoni kwamba leo watazima redio mapema. Nawaomba msubiri kidogo. Kodi ninayotaka kuieleza haitozwi Kariakoo wala Gikomba. Ni kodi ya mapato ya Marekani, na swali lenyewe ni dogo, linaenea katika kisanduku kisichozidi punje ya mchele: mwanamke ambaye mumewe yuko gerezani, anapojaza fomu yake ya kodi, ajiandike kuwa ni nani? Ameolewa? Yuko peke yake? Au ni kitu gani cha katikati?

Swali hili sikulitoa kitabuni. Mwaka 2013 nilikuwa nikikaa katika mji mdogo wa majimbo ya kati ya Marekani, mji wenye kiwanda kikubwa cha nyama, na kwa ajili ya kiwanda hicho walikuwa wamehamia pale wakimbizi wengi kutoka mashariki ya Kongo. Kila mwaka, kuanzia Februari hadi katikati ya Aprili, maktaba ya mji ilitenga meza mbili tatu, na watu wa kujitolea wakawasaidia bure wenye kipato kidogo kujaza fomu. Nami niliitwa kutafsiri. Hesabu sizijui. Nilichokuwa nacho ni Kiswahili tu, na hata hicho kilitutatiza, maana changu ni cha pwani na cha ndugu wale ni cha Bukavu na Uvira, ikawa mara kwa mara tunasimama katikati ya njia kuulizana maana.

Jioni moja akaja mama mmoja mwenye watoto wawili wa shule, na bahasha ya karatasi kifuani. Mumewe alikamatwa Februari mwaka uliotangulia, na baadaye akahukumiwa kifungo cha miaka minne. Kosa lake halituhusu. Mama akanionyesha sehemu ya juu ya fomu, pale penye visanduku vitano, akasema, "Papa, hapa niandike nini?"

Visanduku vyenyewe ni hivi. Cha kwanza ni cha mtu asiye na ndoa. Cha pili ni cha mume na mke wanaojaza fomu moja kwa pamoja. Cha tatu ni cha mtu mwenye ndoa anayejaza fomu yake mbali na mwenzake. Cha nne ni cha yule aitwaye mkuu wa kaya, yaani mtu asiye na mwenzi anayelea mtoto au ndugu anayemtegemea. Cha tano ni cha mjane au mgane mwenye mtoto, aliyefiwa karibuni. Mtu hutia alama kimoja tu, na alama hiyo ndiyo inayoamua ni fedha kiasi gani hazitaguswa na kodi, na ni nafuu zipi anazostahili.

Mimi kwa haraka zangu nikamjibu, "Mama, si umeolewa? Basi tia alama hapa, wewe na mume." Nilikuwa nimekwisha kumwelekezea kalamu. Mhasibu mmoja mstaafu, mzee mwenye miwani mizito, aliyekuwa akisimamia meza yetu, akaweka kiganja chake juu ya karatasi. Akaniambia nimuulize kwanza mambo mawili: anajua mumewe alipata mapato gani mwaka ule kabla ya kukamatwa? Na je, anatarajia kwamba mume huyo atarudi nyumbani?

Lile la pili lilinishangaza. Niliona ni swali la shangazi au la padri, si la mtu wa kodi. Baadaye, kwa udadisi wangu, nikaanza kusoma historia ya visanduku vile, nikagundua kwamba swali la mzee ni la tangu siku ya kwanza ya kodi yenyewe.

Katiba ya Marekani ilirekebishwa Februari 1913 ili serikali kuu iweze kutoza kodi ya mapato, na Oktoba mwaka ule ule sheria ikapitishwa. Ilikuwa kodi ya matajiri. Mtu asiye na ndoa hakuguswa mpaka mapato yake ya mwaka yapite dola 3,000, na mwenye ndoa dola 4,000, fedha ambazo mfanyakazi wa kawaida wa siku zile hakuziona. Lakini angalia jinsi walivyoiandika ile elfu moja ya ziada. Hawakusema ni ya mwanamume aliyeoa. Walisema ni ya mwanamume ambaye mkewe anaishi naye, au mwanamke ambaye mumewe anaishi naye. Maneno hayo mawili, kuishi naye, ndiyo yaliyozaa kesi na kanuni za zaidi ya miaka mia moja. Mtu akienda safari ya kikazi miezi mitano, anaishi na mkewe au haishi? Mke akilazwa hospitali mwaka mzima, je? Wakusanyaji kodi walijikuta wanafanya kazi ya wazee wa mtaa.

Wenzetu wengine waliikwepa shida hiyo kwa njia ya mkato. Uingereza iliyahesabu mapato ya mke anayeishi na mumewe kuwa ni ya mume, na utaratibu huo ulikoma Aprili 1990, si zamani sana. Kenya nayo, katika sheria yake ya mwaka 1973, iliandika maneno ya namna hiyo hiyo. Marekani tangu mwanzo ilimhesabu kila mtu kuwa mlipa kodi peke yake, mke kwa mume. Likiangaliwa kwa haraka ni jambo la haki. Ila kodi hii ilipangwa kama ngazi: kadiri mapato yanavyopanda ndivyo kiwango kinavyopanda. Kwa hiyo mume mwenye mshahara mkubwa na mke asiye na kitu walilipa zaidi kuliko majirani zao wawili waliogawana mapato yale yale nusu kwa nusu.

Wanasheria hawakulala. Wakili mmoja wa California, Guy Earl, alikuwa ameandikiana na mkewe mwaka 1901, kabla kodi hii haijazaliwa, kwamba chochote atakachopata mmoja wao ni mali ya wote wawili. Kodi ilipokuja akasema nusu ya mapato yake ni ya mke. Mwezi Machi 1930 Mahakama ya Juu ilimkatalia, kwa hoja kwamba tunda huhesabiwa kwa mti uliolizaa. Haikupita miezi tisa, mahakama hiyo hiyo ikawakubalia akina Seaborn wa jimbo la Washington kugawana mapato yao nusu kwa nusu, kwa sababu jimboni mwao sheria yenyewe ya mali ya ndoa ilisema mapato ni ya wote wawili tangu yanapopatikana. Majimbo manane yalikuwa na sheria ya namna hiyo, mengi yakiwa yameirithi kwa Wahispania na Wafaransa. Kwa hiyo mtu wa Texas akalipa kodi ndogo kuliko mtu wa New York mwenye mshahara na mke sawasawa naye.

Sina haja ya kuwachosha na vurugu iliyofuata. Yatosha kusema kwamba katika miaka ya 1940 majimbo mengine, kama Oklahoma, Oregon, Michigan na Pennsylvania, yalianza kubadili sheria zao za ndoa zilizodumu vizazi na vizazi, na sababu kubwa ilikuwa moja tu, kuwapunguzia wakazi wao kodi. Mwisho Bunge likachoka. Aprili 1948, kwa kuipindua kura ya turufu ya Rais Truman, likaruhusu mume na mke popote walipo wajaze fomu moja, na mapato yao yahesabiwe kana kwamba kila mmoja kapata nusu. Hapo ndipo fomu ya pamoja ilipopata utamu wake.

Kisanduku cha mkuu wa kaya kililetwa na sheria ya mwaka 1951, baada ya wajane na waliotalikiana kulalamika kwamba nao wanalea watoto na hawana wa kugawana naye mapato. Wakapewa nusu ya nafuu ya wenye ndoa. Nusu kamili, kama urithi. Kisha wakaja juu watu wasio na ndoa kabisa, na miongoni mwao alikuwa mwenye kiwanda mmoja wa Connecticut, Bi Vivien Kellems, mwanamke jeuri kwelikweli, aliyekuwa akiipelekea serikali fomu tupu yenye sahihi yake na hakuna kingine. Kelele hizo zilichangia sheria kubwa ya kodi aliyoitia sahihi Rais Nixon Desemba 30, 1969.

Sheria hiyo ya 1969 ndiyo inayomhusu mama yetu wa maktabani, kwa kipengele kilichopita bila kelele nyingi. Wabunge waliambiwa habari za wanawake waliokimbiwa. Mwanamume ameondoka, hakuna talaka, hajulikani alipo. Mke kisheria ana ndoa, kwa hiyo hawezi kujiandika mkuu wa kaya. Fomu ya pamoja haiwezekani, maana sahihi ya mume ataipata wapi? Anabakiwa na kile kisanduku cha tatu, cha mwenye ndoa anayejaza mbali, ambacho ndicho kikali kuliko vyote. Basi Bunge likasema: kama mume hakuwa mmoja wa watu wa nyumba ile kwa mwaka mzima, na mke ndiye aliyebeba zaidi ya nusu ya gharama za nyumba, na mna mtoto wake anayemlea, mwanamke huyo ahesabiwe kwa ajili ya kodi kana kwamba hana ndoa. Mwaka 1984 mwaka mzima ukapunguzwa ukawa miezi sita ya mwisho ya mwaka.

Sheria njema. Ila iliandikwa kwa ajili ya mke wa mtu aliyetoroka, na mtu aliyefungwa hakutoroka. Wala siwalaumu sana wabunge wa 1969 kwa kutomkumbuka. Mwaka 1972 magereza yote ya majimbo na ya serikali kuu ya Marekani yalikuwa na wafungwa wasiofika 200,000. Ilipofika 2009 walikuwa zaidi ya milioni 1.6, mbali na wale wa mahabusu za wilaya. Jambo lililokuwa la nyumba chache likawa la mitaa mizima, na fomu ikabaki na visanduku vyake vile vile vitano.

Sasa kanuni zilizoitafsiri sheria hiyo zilikuwa na mwanya wa kuziba. Asije mtu ambaye mumewe yuko vitani au masomoni akasema mume hakai naye! Kwa hiyo ikaandikwa kwamba mwenzi asiyekuwapo kwa muda tu, kwa sababu maalumu, anahesabiwa bado yumo nyumbani, na sababu zikatajwa: ugonjwa, masomo, biashara, likizo, utumishi wa jeshi. Gereza halimo katika orodha. Na kipimo ni mambo mawili yanayokwenda pamoja: ni jambo la busara kutarajia kwamba aliyeondoka atarudi katika nyumba ile, na aliyebaki anaendelea kuitunza nyumba hiyo akimngojea.

Naomba mlifikirie hilo kidogo. Mwanamke aliyekata tamaa, aliyefungasha nguo za mume akazipeleka kwa mama mkwe, anaweza kujiandika mkuu wa kaya bila wasiwasi. Yule anayekwenda kumtazama gerezani kila mwisho wa mwezi na hajaondoa viatu vyake mlangoni, huyo ndiye anayehesabiwa kuwa anaishi naye, na nafuu ile inampita. Sidhani kwamba yupo aliyekusudia kuuadhibu uvumilivu. Lakini ndivyo maneno yanavyosomeka, na ndiyo maana mzee yule aliuliza alichouliza.

Kwa nini basi nisingemwacha atie alama fomu ya pamoja, kama nilivyokuwa nimemwambia kwa haraka zangu? Hapa lipo jambo jingine, na ni zito zaidi.

Mwaka 1938 Bunge liliandika waziwazi kwamba waliotia sahihi fomu ya pamoja wanadaiwa kodi yake wote wawili, kila mmoja deni lote. Msisikie nusu. Mume akificha mapato na akapotea, mke atalipa yote, na mume vivyo hivyo kwa mke. Miaka mingi haikuonekana kuwa hatari kubwa. Kisha mwaka 1961 Mahakama ya Juu ikaamua shauri la Eugene James, kiongozi wa chama cha wafanyakazi ambaye yeye na mwenzake walijichukulia zaidi ya dola 738,000 za chama chao na za kampuni moja ya bima. Swali lilikuwa kama fedha ya wizi ni mapato ya kutozwa kodi. Tangu 1946 mahakama hiyo ilikuwa ikisema kwamba fedha ya mwajiri iliyoibwa si mapato, kwa kuwa mwizi anadaiwa airudishe. Sasa ikajigeuza: ni mapato. James mwenyewe alinusurika na shitaka la kodi, kwa kuwa alipotenda tendo lake sheria ilikuwa bado inasema vingine. Walioumia ni wake za watu wengine.

Maana mambo yalikwenda hivi. Mume karani anaiba kidogo kidogo kazini. Mke nyumbani anatia sahihi fomu anayoletewa mezani, kama wanavyofanya watu wengi wanaoaminiana. Mume anakamatwa, anafungwa, fedha imekwisha kwenye kamari au kwa mwanamke mwingine. Ofisa wa kodi anakuja kwa mke na hesabu: hizi fedha zilizoibwa ni mapato, hazikuandikwa, na sahihi yako hii hapa. Mahakama za miaka ya 1960 ziliwaambia wanawake kama hao kwamba zinawasikitikia, ila tiba iko Bungeni. Januari 1971 Bunge likaitoa: mwenzi asiyejua, wala asiyekuwa na sababu ya kujua, wala asiyefaidika, aweze kusamehewa, mradi mapato yaliyofichwa yapite robo ya yale yaliyotajwa katika fomu. Masharti yalikuwa mengi na mlango mwembamba. Ulipanuliwa 1984, na Julai 1998 ukajengwa upya katika sheria iliyotiwa sahihi na Rais Clinton.

Sheria hiyo ya 1998 iliweka njia kadhaa, na mojawapo ni kuligawa deni, kila mtu abebe sehemu yake. Njia hiyo ni ya waliotalikiana, waliotengana kisheria, waliofiwa, au ambao hawakuwa watu wa nyumba moja kwa miezi 12 mfululizo. Mke wa mfungwa akisikia hivyo atadhani mlango wake ndio huo. Lakini kanuni zilizotolewa mwaka 2002 zikaeleza maana ya nyumba moja, na safari hii hazikusahau gereza. Zimesema kwamba kutokuwapo kwa muda hakuvunji nyumba, ikiwa inatarajiwa kwamba mtu atarudi na nyumba inatunzwa kwa ajili yake. Mifano ikatolewa: kifungo, ugonjwa, biashara, likizo, jeshi, masomo. Kifungo na likizo katika mstari mmoja! Nilipousoma mstari huo nilicheka peke yangu, kisha nikaona si wa kuchekwa.

Haki ya kusema kweli ni kwamba neno lile lile la kutokuwapo kwa muda limewahi kumsaidia mtu wa gerezani. Mwaka 2007 Mahakama ya Kodi ilisikiliza shauri la mama aliyekamatwa Juni 2002, akakaa mahabusu mwaka wote uliobaki akingoja kesi. Watoto wake alikuwa ameishi nao miezi mitano na siku chache tu, na nafuu ya wafanyakazi wenye kipato kidogo hutaka zaidi ya nusu mwaka. Mahakama ikaamua kwamba mahabusu yule aliyekuwa bado hajahukumiwa alikuwa ameondoka kwa muda tu, na nyumba ya watoto iliendelea kuwa yake. Akapewa. Kwa hiyo msije mkadhani kwamba kanuni hii ina adui mmoja. Inakata kuwili.

Turudi maktabani. Nimekwisha kusema mama alikuwa na watoto wawili. Kwa mapato ya mwaka 2012, fedha isiyoguswa na kodi ilikuwa dola 5,950 kwa anayejaza mbali, dola 8,700 kwa mkuu wa kaya, na dola 11,900 kwa fomu ya pamoja. Kubwa kuliko hilo ni ile nafuu ya wafanyakazi, iliyoanzishwa 1975, ambayo mwaka ule ingeweza kufika dola 5,236 kwa mwenye watoto wawili. Wakati huo mwenye ndoa aliyejaza fomu mbali hakuipata hata senti. Bunge lilikuja kulirekebisha mwaka 2021, likamruhusu mwenye ndoa aliyekaa mbali na mwenzake miezi sita ya mwisho na aliyeishi na mtoto zaidi ya nusu mwaka kuipata ingawa anajaza fomu yake peke yake. Hiyo ni miaka minane baada ya jioni ile.

Kwa hiyo kisanduku cha tatu kingempa usalama na kumnyang'anya kodi ya nyumba ya miezi kadhaa. Cha pili kingempa fedha yote, ila sahihi yake ingefungwa pamoja na ya mtu asiyeweza kukaa naye mezani wakapitia karatasi. Tena sahihi ya pamoja haifutiki. Waliojaza mbali wanaweza baadaye, ndani ya miaka mitatu, kubadili wakajaza kwa pamoja. Waliojaza kwa pamoja hawawezi kurudi nyuma siku ya mwisho ikishapita. Cha nne kingekuwa kizuri kwake kuliko vyote, kwa sababu hakihitaji sahihi ya mtu.

Nikamweleza haya yote kwa kadiri nilivyoyaelewa usiku ule, yaani kidogo. Akasikiliza, mikono juu ya bahasha. Kisha akaniuliza, "Nikiandika hakai kwangu, ni kusema nimemuacha?"

Nikasema hapana, ni kwa ajili ya kodi tu. Mzee mwenye miwani, ambaye hakujua tunazungumza nini, akanikumbusha lile swali: anatarajia mumewe atarudi?

Nikamuuliza. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jua litachomoza upande gani. "Ataenda wapi?" akasema.

Nilimtafsiria mzee kwa neno moja, ndiyo. Mpaka leo sina hakika kama nilifanya sawa. Mkalimani mwingine angeweza kulileta kama lilivyo, swali kwa swali, na pengine mzee angelisikia kwa namna nyingine. Maana kifungo cha miaka minne si likizo, na wapo wataalamu ambao wangemwandika mkuu wa kaya bila kusita, kwa hoja kwamba gereza halimo katika orodha ile. Mzee hakuwa mtu wa kubahatisha kwa fedha za mwenzake. Alitikisa kichwa, akakifunika kisanduku cha nne kwa kidole chake. Vikabaki viwili.

Ndipo swali lake la kwanza likapata kazi. Mume alipata mapato gani? Mama akaifungua bahasha. Ilikuwamo karatasi ya mshahara ya kiwanda kile kile cha nyama: mume alifanya kazi Januari yote na siku chache za Februari. Je, alikuwa na biashara ya pembeni? Teksi? Kuuza magari? Mama akasema hapana. Walikuwa wakitoka zamu moja na kurudi kwa gari moja, fedha yote akiishika yeye. Mzee akauliza tena kwa maneno mengine, na tena kwa mara ya tatu. Nikaona haya kutafsiri mara ya tatu, lakini nikatafsiri. Na kazi anayofanya gerezani, je, analipwa? Senti chache, alisema mama. Mzee akasema hizo hata hivyo haziingizwi katika hesabu ya nafuu ya wafanyakazi, kwani sheria ya 1994 ilizitoa.

Akachagua fomu ya pamoja. Namwita aliyechagua yeye, kwa sababu mzee alikataa kabisa kumwambia lipi ni bora. Alisema tu, mara mbili, kwamba sahihi hii ni ya deni lote.

Ikabaki sahihi ya mume. Fomu ikajazwa, ikatiwa katika bahasha yenye stempu ya kurudishia, ikapelekwa gerezani kwa posta, mwendo wa saa nne kwa gari. Ilikuwa mwisho wa Machi, na siku ya mwisho ya kodi ilikuwa Jumatatu Aprili 15. Juma la kwanza kimya. Juma la pili mama alikuja maktabani mara mbili kutuuliza kama barua zinafunguliwa kwanza gerezani. Zinafunguliwa. Wengine pale mezani wakaanza kumweleza habari za kuomba siku za nyongeza, na mimi moyoni nikaanza kujuta.

Wafungwa na kodi, kwa kweli, hawajapata kusikilizana. Mwaka 2020, Bunge la Marekani lilipotoa dola 1,200 kwa kila mtu mzima kwa sababu ya ugonjwa wa korona, Idara ya Mapato ilitangaza mwezi Mei kwamba walio magerezani hawastahili na waliokwisha kulipwa warudishe. Sheria haikusema hivyo popote. Septemba mwaka ule ule hakimu wa mahakama ya serikali kuu huko California aliiamuru idara iache kuwanyima. Niliposoma habari hizo nilimkumbuka yule mama, kwa kuwa mnaojaza fomu ya pamoja jina lenu huwa moja.

Jumamosi Aprili 13 alikuja kabla meza hazijapangwa. Bahasha ilikuwa imefika asubuhi ile. Sahihi ilikuwa mahali pake, imeandikwa kwa wino mweusi, herufi kubwa kubwa za mtu aliyeogopa kukosea mstari. Na fomu ilikuwa imebanwa pamoja na kipande cha karatasi ya daftari, mistari saba au minane ya Kiswahili, kuhusu viatu vya mtoto mkubwa na gari ambalo lisiendeshwe kabla halijatiwa mafuta ya injini.

Mzee akaniambia nimwambie mama kwamba karatasi ile haiwezi kwenda pamoja na fomu. Nikamwambia. Mama akaibandua taratibu asiichane, akaikunja, akaitia ndani ya mkoba, kisha akaomba kalamu.